Ndiva, Mbiru na Fedha za Usajili

Januari 1945 Wapare walishuka kutoka milimani hadi bomani Same, wakapiga kambi. Walikuja kuikataa mbiru, kodi mpya ambayo kiwango chake kingetokana na mali ya mtu: mwenye navyo alipe zaidi, maskini alipe kidogo. Paulo Mashambo alikuwa miongoni mwa viongozi wao, wanawake nao baadaye wakaingia kwenye maandamano, na profesa Isaria Kimambo, mwenyewe mtoto wa Upare, aliuandikia mgogoro huo kitabu. Ukiitazama kwenye karatasi, kodi ya ngazi ina haki kuliko kodi ya wote kulipa sawa. Wapare walikuwa wanalia nini basi? Naamini walimlilia mkadiriaji. Atakayehesabu ng'ombe wangu ni nani, ametumwa na nani, na ng'ombe wa mfumwa, yaani chifu, atawahesabu nani? Kodi iliondolewa hatimaye. Swali lilibaki.

Swali hilo hunirudia kila Jumamosi kwenye kibanda umiza pale Same, tukiitazama ligi ya Uingereza na feni moja inayozunguka kwa hiari yake. Vijana waliotoka kushusha tangawizi ya Mamba Myamba hubishana kama Manchester City wanyang'anywe makombe. Mzee mmoja aliwahi kuwauliza, "Wanangu, mtu akitumia hela yake mwenyewe, kosa liko wapi?" Akajibiwa, "Mzee, shikamoo, lakini ile siyo hela ya mtu, ni hela ya nchi." Mzee akapokea shikamoo, hoja akaiacha palepale ilipoanguka.

Tuanze na hao Wazungu, tuwapite haraka. UEFA ilipitisha kanuni za nidhamu ya fedha mwaka 2009 kwa wazo ambalo kila mama mwenye genge analijua: usitumie kuliko unavyoingiza. Sura yake ya sasa ni asilimia. Mishahara ya wachezaji na kocha, gharama za kununua wachezaji na malipo ya mawakala, vyote kwa pamoja, visizidi asilimia 70 ya mapato ya klabu, kiwango kilichofikiwa kwa hatua kutoka 90. Uingereza wao walichagua kupima hasara, isizidi pauni milioni 105 kwa misimu mitatu. Novemba 2023 Everton walikatwa pointi 10, zikapunguzwa kuwa 6 kwenye rufaa, kisha wakakatwa nyingine 2. Nottingham Forest wakakatwa 4. Manchester City walisomewa mashtaka zaidi ya 100 Februari 2023 na kesi ikaendelea kwa miaka. Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Basi City ni wajomba zetu.

Wenye akili ya hesabu walipata vichochoro mapema. Chelsea waliwapa wachezaji mikataba ya miaka saba, minane, ili bei ya ununuzi igawanywe vipande vidogo vidogo kwenye vitabu. UEFA walipokuja kuweka ukomo wa miaka mitano katika hesabu hizo, wengi walikuwa wamekwishasaini. Chelsea haohao waliuza hoteli mbili zilizoko uwanjani kwao kwa kampuni dada, yaani mkono wa kulia ukanunua kwa mkono wa kushoto, na hasara ikapungua.

Ila kasoro kubwa haiko kwenye ujanja. Kanuni inayofunga matumizi kwenye mapato inamwambia kila mtu achote kulingana na tenki alilonalo tayari. Real Madrid wana tenki la mji mzima. Newcastle, walionunuliwa na mfuko wa serikali ya Saudi Arabia Oktoba 2021, wana mto wa fedha nyuma ya nyumba na wanaruhusiwa kuchota kwa kikombe. Mtu anaweza kusema ni sawa, ile fedha haikutokana na mpira. Lakini basi tukubali kwamba kanuni hiyo inazuia klabu zisifilisike, na hapo inafanya kazi nzuri. Usawa ni jambo lingine ambalo limebandikwa juu yake kama lebo kwenye chupa ya dawa nyingine.

Sasa turudi nyumbani, ambako mambo yana utamu wake.

Ligi Kuu ya Tanzania Bara haina kikomo cha fedha ambazo klabu inaweza kumwaga kwenye usajili. Dirisha likifunguliwa, Simba wa Msimbazi na Yanga wa Jangwani hushusha mashine, Azam nao hawalali, na klabu nyingine kumi na tatu hutazama nani kanyofolewa. Matokeo yake yapo kwenye orodha ya mabingwa. Mwaka 1986 ubingwa ulikwenda Mbeya kwa Tukuyu Stars. Mwaka 1988 ulikwenda Tanga kwa Coastal Union, jirani zetu wa chini ya reli, ambao marehemu baba aliwapenda kuliko alivyowapenda baadhi ya wakwe zake. Mtibwa Sugar wa Turiani waliutwaa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Tangu hapo umezunguka kati ya Simba na Yanga, ukatoka mara moja tu, 2014, kwenda Chamazi kwa Azam. Mtibwa wenyewe walishuka daraja 2024 kabla ya kurudi. Huku kwetu Kilimanjaro, Polisi Tanzania walikaa Ligi Kuu kutoka 2019 hadi 2023 wakitumia uwanja wa Ushirika, Moshi. Mtu wa Same aliyetaka kuiona Ligi Kuu mkoani kwake alipanda basi zaidi ya kilomita mia moja, na sasa hata hilo basi halina pa kumpeleka.

Fedha zinaeleza sehemu ya hadithi. Mwaka 2021 Azam Media walisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na hizo zinagusa klabu zote, ingawa bingwa hupata fungu nono zaidi. Mwaka uliofuata Simba peke yao walisaini na M-Bet bilioni 26.1 kwa miaka mitano, na Yanga wakasaini na SportPesa bilioni 12.33 kwa miaka mitatu. Juu ya hapo yupo tajiri Mohammed Dewji upande wa Simba na kampuni ya GSM upande wa Yanga. Klabu ya mkoani inabaki kutegemea mgao wa televisheni na siku ile moja Simba au Yanga wanapokuja. Hata siku hiyo, mara nyingi "nyumbani" huhamishiwa mji mwingine wenye uwanja mkubwa ili viingilio vivunwe.

Hapo mtu atasema: tuwawekee Waswahili nao asilimia 70. Nami nitamwuliza swali la mbiru. Hesabu utaanzia wapi? KMC ni ya Manispaa ya Kinondoni, Dodoma Jiji ni ya halmashauri ya jiji, JKT Tanzania na Mashujaa ni za jeshi, Tanzania Prisons ni ya magereza, Mtibwa imetoka kwenye kiwanda cha sukari. Mchezaji ambaye ni askari analipwa na serikali. Mshahara wake ni matumizi ya klabu au ya wizara? Basi la halmashauri likipeleka timu Lindi, hayo ni mapato au hisani? Katika ligi hii nusu ya klabu hazina mapato kwa maana anayoijua mhasibu wa Ulaya. Zina walezi. Ukizipima kwa asilimia ya mapato utagundua kwamba timu maskini za halmashauri ndizo zilizovunja kanuni, na Simba na Yanga, zenye wadhamini na mikataba iliyopigwa muhuri, ziko safi kabisa.

Na udhamini wenyewe hauna mipaka myepesi. GSM, walio nyuma ya Yanga, wamewahi kudhamini pia Coastal Union na Namungo, timu za ligi hiyohiyo. Novemba 2021 kampuni hiyo ilitangazwa kuwa mdhamini mwenza wa ligi nzima. Simba wakagoma kuvaa nembo yake, na Februari 2022 mkataba ukafa. Sidai kwamba kuna aliyepanga matokeo. Nasema mkadiriaji atakayekuja kupima kama bei ya udhamini fulani ni ya haki au ni zawadi iliyovaa suti, itabidi awe na moyo mgumu na nyumba mbali na Kariakoo.

Kwa kuwa fedha haihesabiki, sisi tumeweka kanuni zinazozunguka pembeni yake. Ya kwanza ni ile ya umiliki: kwenye klabu za wanachama, wanachama washike asilimia 51 na wawekezaji 49. Dewji alipochaguliwa Desemba 2017 kwa ahadi ya bilioni 20, alikuwa anataka hisa nyingi zaidi, serikali ikasema hapana. Ni kanuni nzuri kwa mwanachama mwenye kadi anayeogopa kuamka na kukuta Simba imekuwa duka la mtu. Kwa timu ya Songea haisaidii kitu.

Ya pili ni idadi ya wageni, na hapa ndipo penye uhondo. Idadi hiyo imepandishwa mara kadhaa ndani ya muongo mmoja hadi kufika 12. Tunaambiwa ni kumlinda mzawa. Katika utendaji wake ni kikomo cha matumizi kilichovaa bendera ya taifa, kwa sababu anayeweza kuwaleta mapro kumi na mbili kutoka Abidjan, Kinshasa na Lusaka ni yule mwenye fedha tu. Klabu ndogo haijazi hata nusu ya nafasi hizo. Basi kikomo kimewekwa juu ya kichwa cha mrefu peke yake, na mrefu akainamisha shingo: Januari 2025 wachezaji watatu wa Singida Black Stars, Emmanuel Keyekeh wa Ghana, Josephat Bada wa Ivory Coast na Damaro Camara wa Guinea, walipewa uraia wa Tanzania, na Idara ya Uhamiaji ikathibitisha. Uraia ni jambo la sheria na walioupata wasinyooshewe vidole. Ila kwa hesabu ya usajili, nafasi tatu za wageni zilifunguka bila mgeni hata mmoja kuondoka. Chelsea waliuza hoteli kwa kampuni dada. Kila nchi na kichochoro chake.

Niongeze na hili, kwa kuwa limetajwa Singida: kwetu klabu nayo huhama. Ihefu ya Mbarali ilikwenda Singida 2024 na kubatizwa Singida Black Stars. Singida Fountain Gate nayo ikatoka Singida, hatimaye ikafika Babati, ikabaki na jina la Fountain Gate. Mashabiki wa Mbarali hawakuhamishwa. Hakuna kanuni ya matumizi, iwe ya UEFA kule Nyon au ya shirikisho letu, TFF, pale Karume, inayopima hasara ya mji ulioamka bila timu.

Yenye meno kweli ni kanuni ya madeni, na si yetu. FIFA humfungia anayedaiwa asisajili mpaka alipe. Mwaka 2024 hata Yanga, mabingwa, waliguswa kwa madai ya mchezaji Lazarous Kambole wa Zambia. Ni kanuni isiyouliza wewe ni tajiri au maskini. Inauliza kitu kimoja: kwenye mkataba uliandika nini?

Hilo ndilo nililojifunza pia kwenye sakata la mchezaji Feisal Salum, maarufu Fei Toto. Desemba 2022 Fei Toto aliweka milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga, milioni 100 kwa kipengele cha kuvunja mkataba na 12 za mishahara ya miezi mitatu, akaaga. Januari kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Nchi ikagawanyika, hadi Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa amewaalika Yanga chakula Ikulu baada ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, akawaomba wamalizane na kijana. Siku chache baadaye alikuwa Azam kwa mauzo ya maelewano. Wengi walikumbuka Ikulu. Mimi nilikumbuka ile milioni nne kwa mwezi: karatasi ilipofunguliwa, taifa zima lilijua kwa mara ya kwanza nyota wa timu kubwa alikuwa anathaminiwa kiasi gani kwa maandishi. Kila kitu kingine kabla ya hapo kilikuwa maneno ya vijiwe.

Kuna hoja dhidi yangu ambayo siwezi kuikwepa. Kumwaga huku fedha kumeleta kitu. Simba walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019 na fainali ya Kombe la Shirikisho 2025. Yanga walifika fainali ya kombe hilo 2023, wakamfunga USM Alger kwao 1-0 na kulikosa kwa bao la ugenini. Mafanikio hayo yameipa Tanzania nafasi nne kwenye mashindano ya Afrika, na nafasi hizo ndizo zilizowafungulia mlango akina Coastal na Singida. Ukimfunga kamba tajiri ili afanane na maskini, wote mtatolewa raundi ya kwanza na Waarabu. Nakubali. Ndiyo maana sitaki kikomo. Nataka ndiva.

Kwa asiyetoka huku: ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa juu ya mashamba. Usiku mfereji hujaza maji, asubuhi tundu huzibuliwa, maji yakashuka kwa zamu. Bonde la Makanya, kuanzia Vudee hadi Bangalala, lina ndiva zilizorithiwa kwa vizazi, na ile ya Manoo imewaleta watafiti wa maji kutoka mbali. Kabla ya msimu kuna msaragambo: kutoa tope, kuziba nyufa. Asiyefika hutozwa faini au hukosa zamu. Nisiipambe kupita kiasi. Wa juu hufaidi kuliko wa chini, koo zilizochimba zilijipa haki ya kwanza, na mtu wa Makanya tambarare ana malalamiko yake ya miaka mingi. Lakini angalia kilichokosekana katika mpango wote huo. Hakuna anayeingia ghalani kwa mtu kuhesabu magunia. Wanasimamia tundu. Maji yakipita pale, fungu la wa chini limekwishatengwa.

FIFA, bila kufika Bangalala, wana kitu kinachofanana na hicho. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Miaka minne ya mwanzo kila mmoja una robo asilimia ya ada, iliyobaki kila mmoja nusu asilimia. Tangu Novemba 2022 fedha hizo hupitishwa kwenye chombo maalumu kilichoko Paris, zisisubiri huruma ya mnunuzi. Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, ndiyo fedha hii iliyofanya watu wakumbuke kwamba kabla ya TP Mazembe kulikuwa na Simba, na kabla ya Simba kulikuwa na African Lyon.

Tufanye hesabu ya mtoto wa Gonja. Amecheza timu ya Same tangu akiwa na miaka 12 hadi 16, kisha Dar, kisha Morocco, na huko anauzwa kwa dola milioni moja. Same wanastahili dola 2,500 kwa kila mwaka kati ya minne ya kwanza na 5,000 kwa wa tano, jumla 15,000. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, ni milioni 37 na nusu. Kwa timu ya wilaya hizo ni mipira, nauli na posho ya kocha kwa misimu kadhaa.

Ila tundu hili lina nyufa. Halihusu mauzo kati ya klabu za nchi moja ikiwa aliyemlea mchezaji naye ni wa nchi hiyohiyo. Safari ya Same hadi Dar haimo. Linataka kuwe na ada, na mikataba yetu ya mwaka mmoja au miwili humalizika, mchezaji akaondoka huru, fedha yote ikaingia mfukoni mwake kama dau la usajili. Simlaumu, angekuwa mwanangu ningemwambia achukue. Na zaidi ya yote, linataka klabu iliyosajiliwa. Shule iliyompeleka UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, haihesabiki. Ikikosekana klabu ya kudai, kanuni inasema fungu liende kwa shirikisho la nchi likuze soka la vijana, na kutoka Karume hadi Gonja ni mfereji mrefu wenye jua kali.

Kwa hiyo tozo ya ndani, kama itakuja, isikatwe kwenye ada ya uhamisho, itakuwa inakata hewa. Ikatwe kwenye thamani ya mkataba unaopelekwa TFF kupata leseni ya mchezaji, asilimia ndogo, kabla jina halijaidhinishwa, ishuke kwa waliomlea. Klabu zitaandika mkataba wa uongo, nusu mezani nusu kwenye bahasha? Zitajaribu. Lakini hapa mkadiriaji amebadilika. Mchezaji mwenyewe ndiye anayehitaji karatasi iseme kweli, kwa sababu siku mshahara ukichelewa, kile kilichoandikwa ndicho atakachokipeleka FIFA, na bahasha haina shahidi. Anayehesabu ng'ombe safari hii ni mwenye ng'ombe, na akipunguza idadi anajiibia.

Kocha mmoja wa vijana pale Same, ambaye siku nyingine ni fundi wa pikipiki, alinionyesha kaunta buku yake. Majina ya watoto thelathini na mmoja, tarehe za kuzaliwa alizonakili kwenye kadi za kliniki, kijiji cha kila mmoja: Mwembe, Chome, Kisiwani, Hedaru. Safu ya mwisho ameiandika "klabu", haina kitu kuanzia juu hadi chini. Wawili wamepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Nilimwuliza hao wamefanya nini. Akasema wamechukuliwa na watu wa Dar, mwezi wa sita, na gari lilikuja usiku.